Salamu Ambazo Hazikutumwa

Asubuhi ile Kidoti aliamka na furaha, akaenda nayo kazini. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kidoti cheusi kilichokaa juu kidogo ya mdomo wake, na alishalizoea kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina lake halisi alichelewa kugeuka. Alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo, jengo la nyuma kabisa, lile ambalo wanafunzi walilipita wakiziba pua hata siku ambazo halikuwa na harufu. Mle ndani walikaa panya weupe wenye macho mekundu, na kazi ya Kidoti ilikuwa kuwatazama.

Si kuwatazama hivi hivi. Kulikuwa na sanduku lenye vyumba viwili, kimoja chenye taa kali, kingine cha giza, na kijimlango katikati. Panya hapendi mwanga. Ukimweka penye taa, mara moja anakimbilia gizani. Siku ya kwanza akiingia gizani, sakafu ya chuma inampa shoti ndogo ya umeme miguuni. Anaruka, anatolewa, anarudishwa kwenye kizimba chake. Kesho yake anawekwa tena penye taa, na hapo ndipo Kidoti anapobonyeza saa yake na kusubiri. Amejifunza, au ameshasahau? Akisita mlangoni, anasita kwa muda gani? Anaganda? Anajisaidia ovyo? Maana panya aliyeingiwa na hofu hujisaidia pale pale alipo, na Kidoti alivihesabu vile vinyesi kimoja kimoja bila haya yoyote, na jioni alikula chakula chake kama kawaida.

Mara tu baada ya ile shoti, panya alichomwa sindano. Baadhi yao walipewa vasopresini, wengine oksitosini, na waliobaki maji ya chumvi tu. Hizo mbili za kwanza ni vijumbe vya ubongo, vipande vidogo mno ambavyo ubongo wenyewe huvitengeneza ili sehemu zake zipelekeane habari. Wataalamu huviita neuropeptidi. Profesa, mwanamke mfupi mkali aliyekuwa mkuu wa maabara, alitaka kujua ni kipi kinachomfanya panya ang'ang'anie alichojifunza kwa hofu, na ni kipi kinachomfanya akiachilie.

Aliyetia shoti na kuchoma sindano alikuwa mwenzake mmoja waliyempa jina la Kimya. Sharti la kazi lilikuwa moja tu: anayechoma asimwambie anayetazama. Mtazamaji akishajua panya yupi kapewa nini, jicho lake litaona linachotaka kuona. Na Kimya, hata umtekenye, hasemi. Mwanzoni Kidoti alikuwa akimchokoza.

"Yule mwenye sikio lililochanika," alimwambia siku moja, "yule ni vasopresini. Bisha."

"Unadhani mvua itanyesha leo?" Kimya alimjibu, akiwa anafunga vifungo vya koti lake jeupe.

Kidoti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa ameishi na mwanaume aliyesema sana. Mume wake wa kwanza alikuwa na maneno matamu ya kila saa, na nyuma ya maneno hayo alikuwa na nyumba ya pili, mke wa pili na watoto wawili, ambao Kidoti alikuja kuwajua kupitia kwa muuza duka. Walipoachana alijiapiza kwamba basi, yeye na panya wake mpaka uzee. Halafu akaletwa huyu Kimya, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minne, mwenye macho mapole na mikono isiyotetemeka, ambaye alipokutazama hakuharakisha kutazama pengine. Mwaka ulipopinduka akamwambia anataka kumwoa. Kidoti alimweleza yote, la nyumba ya pili na la talaka. Kimya akamsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono, akasema, "Nimesikia. Bado nataka."

Lililobaki lilikuwa mama yake. Kimya aliishi na mama yake, naye Kidoti alikuwa hajakutana naye hata mara moja. Lakini kila Jumatatu Kimya alileta salamu. Mama anakusalimia. Mama anasema ujikinge na baridi ya mle ndani. Mama anakuombea. Na salamu za Jumatatu ya wiki hii, siku mbili zilizopita, ndizo zilizompa Kidoti furaha, kwa sababu Kimya alisema mama ameanza kuuliza atakwenda lini kumwona. Kidoti alishampelekea dada yake, mshonaji, kitambaa cha kushona gauni la siku hiyo.

Saa nne kasorobo simu ya ukutani ikalia. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Kidoti, nina mama hapa anamtafuta Kimya. Anasema ni mwanawe wa kumzaa. Nimwambie asubiri?"

Moyo wa Kidoti ukaruka. "Hapana! Mlete, mlete huku."

Kimya alikuwa amekwenda jengo kubwa kufuata barafu ya kuhifadhia dawa. Kidoti akavua glavu, akanawa mikono mara mbili, akajitazama kwenye kioo cha jokofu, akaona nywele zimelala upande mmoja kwa sababu ya kofia ya kazi. Hakukuwa na la kufanya.

Mama aliyeingia alikuwa mrefu, mwenye mkoba begani na viatu vya safari, na alisimama katikati ya mlango kama mtu aliyezoea kuambiwa "ndiyo." Kidoti alijua kwamba alikuwa mkunga, na kwamba alistaafu akiwa mkuu wa wodi ya wazazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Namtafuta kijana wangu. Ametoka asubuhi kaacha funguo juu ya meza, na mimi nasafiri mchana huu kwa dada yangu. Nisipomletea atalala nje kama paka."

"Amefuata barafu, mama, anarudi sasa hivi. Karibu ukae."

Mama hakukaa. Alisogea kwenye kioo kikubwa kilichotenga ofisi na chumba cha panya, akawatazama. "Hawa ndio wanaonilia muda wa mwanangu. Mnawafanya nini hasa? Yeye ukimuuliza anasema 'kazi tu, mama.'"

Kidoti akamweleza, la taa na giza, la shoti na la sindano. Alipofika kwenye majina ya dawa, mama akageuka.

"Oksitosini? Hii hii yetu ya wodini?"

"Hiyo hiyo, mama."

"We mtoto! Hiyo nimewachoma wanawake mapajani mpaka vidole vikaota sugu. Mtoto akishatoka, unachoma, tumbo la uzazi linajikaza, damu inakata. Sasa hawa panya dume wanaipeleka wapi?"

Kidoti akaangua kicheko. "Inafanya kazi na kwenye ubongo. Wapo wataalamu waliosema inamlegeza panya, kile alichojifunza kwa hofu hakishiki sana. Na ile nyingine, vasopresini, wanasema inakikaza. Ndicho tunachopima hapa, kama ni kweli."

"Ni kweli," mama akasema bila kusita. "Usihangaike na panya, ungeniuliza mimi. Mwanamke analia kitandani, ananishika shingo, anaapa kwamba yule mwanaume hatamgusa tena maishani. Miaka miwili haijaisha, huyo, tumbo mbele, anacheka, ananiuliza kama namkumbuka!"

Wakacheka wote wawili, na mama akajiketisha kwenye kiti bila kukaribishwa tena. Kidoti alimtazama, akajiona amebahatika. Mama mkwe wa namna hii angempata wapi? Akaona heri aseme jambo ambalo alikuwa nalo moyoni kwa wiki nyingi.

"Mama, nashukuru sana kwa salamu zako. Kila wiki nazipata."

"Salamu gani?"

"Zile anazoniletea Kimya. Mwanao, yaani. Hapa tunamwita Kimya."

Mama akakunja uso, si kwa ubaya, ila kama mtu asiyesikia vizuri. "Mimi nikutumie salamu wewe? Nakujua wapi, mwanangu?"

Kidoti bado alikuwa anatabasamu. Tabasamu lilikuwa limesahaulika usoni. "Mimi ndiye… Labda hajakuonyesha picha. Mimi ndiye yule wa kazini. Mchumba wake."

Nyuma ya kioo panya mmoja alikuwa anakwaruza kizimba. Mama aliweka mkoba wake sakafuni taratibu.

"Aliwahi kunitajia mwanamke wa kazini," akasema, na sasa alichagua kila neno. "Amemzidi umri. Aliwahi kuolewa akaachika. Nilimwambia simtaki. Sikuficha, nilimwambia wazi, tena kabla ya mvua za mwaka huu kuanza. Akaniambia, sawa mama, nimekuelewa. Baada ya siku chache akasema yamekwisha, amemwacha."

"Amekwambia ameniacha?"

"Ndivyo alivyosema."

"Jana jioni tulikuwa pamoja, mama. Alinisindikiza mpaka mlangoni."

"Kwangu alisema yuko kazini, panya mgonjwa." Mama akavuta pumzi. "Na bora ulisikie lote, maana nusu nusu ni mateso. Huko kwa dada yangu ninakokwenda, nakwenda kumwona binti mmoja. Kwa ajili yake. Anajua. Nilipomwambia alijibu, 'Tutaona, mama.'"

Kidoti akatafuta kiti kwa mkono wa nyuma, akakaa. Hakulia, aliwaza tu kuhusu yule muuza duka wa zamani, jinsi alivyomfungia sabuni kwenye gazeti huku akimwambia, "Mumeo jana alinunua maziwa ya mtoto." Alikuwa amedhani hatasikia tena habari ya namna ile.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini:

"Zilikuwa zinasemaje, hizo salamu zangu?"

"Kwamba unaniombea. Kwamba nivae sweta, humu ndani kuna baridi. Wiki hii ulisema nikija nisihangaike kubeba kitu, mimi mwenyewe natosha."

"Maneno mazuri," mama akasema. "Ningekuwa nimeyasema mimi, ningekuwa mtu mwema sana."

Mlango ukasukumwa kwa bega, Kimya akaingia na sanduku la barafu kifuani. Aliwaona. Akasimama. Hakuna aliyehitaji kumwambia lolote.

"Mama," akasema.

"Weka hilo sanduku chini, usije ukalidondosha," mama akamwambia. "Nimekuletea funguo. Na nimekuta mchumba wako ananishukuru kwa salamu."

Kimya akaweka sanduku mezani. Akamtazama Kidoti, na yale macho ambayo hayakuwahi kuharakisha yakaanguka sakafuni.

"Nilikuwa naandaa njia," akasema. "Nilijua mkipewa muda mtapendana. Nilitaka kila mmoja awe na moyo mwepesi siku mtakapokutana."

"Njia ipi?" Kidoti akauliza. Sauti yake ilitoka kavu, ya kazini. "Mama yako anakwenda kukutafutia mke, na wewe unaniambia nivae sweta."

"Sikutaka uumie. Ulishaumizwa."

"Usinitajie hilo. Nilikuamini nikakwambia jambo hilo, si ili ulitumie kama kinga." Akasimama. "Nisikilize. Mle ndani nimekubali nisijue. Nilikubali kwa hiari yangu, kwa sababu kazi inataka hivyo, na siku ya mwisho Profesa atafungua kila kitu mbele ya wote. Hili la kwako sikulikubali. Nani angelifungua, na lini? Nikiwa nimeshavaa gauni?"

Kimya akajaribu. "Kila wiki nilisema wiki hii nitawaambia…"

"Kila wiki ulikuja na salamu mpya," mama akamkatiza. "Mwanangu, ulikuwa unakaa chini unazitunga?"

Masikio ya Kimya yaliiva, ikajulikana kwamba ndiyo, alikuwa anakaa chini anazitunga.

Mama akainuka, akajitupia mkoba begani. Akamgeukia Kidoti. "Nitakwambia kwa nini nilikukataa, usije ukadhani nilikuchukia bure. Kaka yake mkubwa alioa mwanamke aliyewahi kuolewa. Nilimpenda yule binti kama wangu. Baada ya miaka miwili mume wa kwanza akampigia simu, yule binti akarudi kwake, akatuachia mtoto ananyonya. Nimemlea mimi, na chupa. Usiku mmoja nilijisemea, sitarudia."

"Pole sana, mama."

"Ahsante. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa tumecheka nimekukubali."

"Sijaomba unikubali, mama," Kidoti akasema. "Hata mimi sijui kama namtaka."

Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa vizuri. Akaweka funguo juu ya sanduku la barafu. "Kwa dada yangu nitakwenda, lakini kumsalimia tu. Sipeleki mtoto wa mtu kwa mwongo," akamwambia mwanawe, na viatu vyake vya safari vikasikika mpaka mwisho wa korido.

Kimya akasogea hatua moja. "Kidoti…"

"Barafu inayeyuka," Kidoti akasema. "Una panya wa mchana wa kuchoma. Wachome, utoke, kesho nitawatazama."

* * *

Dada yake alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, gauni likiwa limelala mezani bila mikono. Alikuwa mkubwa kwa Kidoti na ndiye aliyemlea, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Huyo achana naye," akasema alipokwisha kusikia. "Leo kadanganya kwa ajili ya amani. Kesho atadanganya kwa ajili ya usingizi. Wa kwanza alianza hivyo hivyo."

"Wa kwanza alikuwa anaficha starehe zake, dada. Huyu alikuwa anaficha woga."

"Ukilala njaa, unajali mwizi alikuwa na sababu gani?"

Kidoti akashika ncha ya gauni, akaiviringisha kidoleni. "Bado nampenda. Nilidhani nikisikia vile penzi litaisha hapo hapo, kama taa. Halikuisha. Limekaa tu, nami nimelikasirikia."

Dada akamtazama juu ya miwani. Akakanyaga cherehani mara mbili tatu, akasimamisha. "Basi usiamue leo. Lakini gauni silimalizi. Sishoni mikono ya gauni la mtu asiyejua anakwenda wapi."

Siku zilizofuata walifanya kazi chumba kimoja bila kuzungumza lisilohusu kazi. Kimya alichoma, akatoka. Kidoti aliingia, akabonyeza saa, akatazama. Wapo panya waliosimama penye taa wameganda, wamejikunja, jicho liko kwenye giza wanalolitamani na mguu haunyanyuki. Wapo waliochungulia, wakanusa, wakaingia kana kwamba hawakuwahi kupigwa. Zamani Kidoti angekutana na Kimya mlangoni akamsimulia, "Leo kuna mmoja kanishangaza," naye angemjibu habari za mvua. Sasa alipita na barakoa yake usoni. Kimya aliandika ujumbe wa simu, hakujibiwa. Siku moja alianza kusema, "Niruhusu nieleze," Kidoti akamwambia, "Hapa kazi," na kazi ikaendelea. Nyumbani Kidoti aliitamani sauti ya Kimya, jambo la ajabu, maana huyo hakuwa mtu wa maneno mengi.

Ikafika siku ya kufungua. Profesa aliwakusanya ofisini kwake mchana, akavaa miwani, akasoma kizimba kwa kizimba ni panya yupi alipewa nini. Kidoti alikuwa na vipimo vyake, na kadiri majina yalivyosomwa ndivyo alivyohisi nywele zikimsimama. Waliopewa vasopresini ndio waliosita muda mrefu kuliko wote, wakiganda na kujisaidia. Waliopewa oksitosini waliingia gizani upesi kuliko hata wale wa maji ya chumvi. Jicho lake halikumdanganya.

"Sasa kuna jambo," Profesa akasema, akavua miwani. "Kizimba kimoja nakitoa. Matokeo yake hayatahesabiwa."

"Kwa nini?" Kidoti akauliza. "Kipi?"

"Kile cha safu ya juu, kundi la oksitosini. Siku fulani mchana, Kimya alikuja hapa akaniambia mkono ulimtetemeka, akachukua chupa, akachoma wawili, kisha akawa hana hakika kama chupa ilikuwa yenyewe. Nilimuuliza, una hakika kwamba umekosea? Akasema hapana, nina hakika kwamba sina hakika. Kukwambia wewe isingewezekana kabla ya leo." Profesa akamgeukia Kimya. "Nilimkaripia vya kutosha. Tutarudia kundi hilo lote na panya wapya."

Kidoti alijua ni mchana upi. Alichofikiri kwanza kilikuwa kazi: kurudia kundi zima, kulea panya wapya, wiki nyingine mbele ya lile sanduku. Akakasirika sana. Kisha akafikiri kwamba hakuna kiumbe duniani ambaye angejua. Chupa zilifanana, panya hawasemi, na yeye Kimya alikuwa siku hiyo hiyo ametoka kupoteza kila kitu, angeweza kunyamaza, likapita.

Alikwenda nyuma ya jengo, kwenye sinki kubwa la kuoshea vizimba, akavaa glavu ndefu na kuanza kusugua. Hakushangaa aliposikia hatua.

"Umeniongezea wiki za kazi," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Umekuja kuniomba msamaha?"

"Nimeshaomba, hukujibu, na una haki. Nimekuja kukupa habari, na si nzuri." Kimya akasimama upande wa pili wa sinki ili aonekane. "Nimezungumza na mama. Nimemwambia sikuwahi kukuacha, na kwamba ukinikubali nitakuoa. Amekataa. Anasema wewe ni mtu mzuri, na bado amekataa. Kaka yangu naye yuko upande wake, alinipigia simu akanitukana. Mama amelia, na sijawahi kumwona analia. Sijui kama atabadilika. Huenda asibadilike."

Kidoti alisubiri neno la kulainisha, lile ambalo mtu hulitia mwishoni ili habari mbaya iteleze. Halikuja.

"Ni hilo tu?"

"Lipo jingine. Yule binti, mama alishanionyesha picha yake. Nilisema ni mzuri."

"Ni mzuri?"

Kimya akaitikia. "Ni mzuri."

Kidoti alitaka kumrushia brashi. Badala yake kicheko kilimtoka puani, akakirudisha ndani haraka.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Na ukiniletea tena neno ambalo mtu hakulisema, hata liwe la sukari namna gani, sitagombana nawe. Nitaondoka tu."

"Nimesikia."

Akafunga bomba. Maji yakaishia sinkini taratibu, na Kidoti akavua glavu, akaziweka ukingoni zikidondoka matone.

"Jumapili nakwenda kwa mama yako," akasema. "Peke yangu. Wewe hutakuja, na hutamwambia."

"Kidoti, atakufukuza."

"Anifukuze. Lakini nataka nilisikie kwa masikio yangu, kutoka kwa mwenyewe. Na yeye anisikie mimi. Watu wawili wazima hatuwezi kukaa tunapelekewa habari na mtu wa katikati."

Kimya akafungua mdomo kupinga. Ilionekana wazi jinsi alivyotafuta namna ya kumwepusha na mlango ule, jinsi alivyoipata, na jinsi alivyoiacha.

"Nyumba ya mwisho mkono wa kulia, ukishapita shule," akasema. "Asubuhi anakuwa uani anafua. Usigonge mlango wa mbele, hatakusikia. Zunguka nyuma."